Msumari wa Nyuma ya Mlango

Mwanangu Mabula,

Umekwenda kumuaga baba yako mkubwa, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule kwake. Nina muda wa kuandika kabla hujarudi. Begi lako liko tayari karibu na mlango. Habari za kuchemsha maji ya kunywa, za chandarua na za kuamka mapema sitaziandika. Hizo nimekuimbia tangu ukiwa na kimo cha meza hii, na kama hazikuingia siku zote hizo, hazitaingia leo.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili.

Jumapili tulikuwa tunakula, ukafungua daftari lako na kutuonyesha mchoro wa mtambo wa kuchenjulia dhahabu unaokwenda kuusimamia huko Geita. Uliuchora vizuri, kwa rula. Karasha ya kusagia mawe iko hapa, matenki yako pale, mishale ya bluu inaonyesha njia ya kupita mzigo. Kibanda cha wale akina mama wanaochekecha unga wa mawe ulikuwa umekipiga msalaba mwekundu. Mdogo wako akakuuliza hao akina mama wataenda wapi. Ukasema watapangiwa. Kisha ukasema, "Wale watu wamezoea vibaya. Nipeni mwezi mmoja tu, nitakuwa nimewanyoosha."

Wote walicheka. Baba yako mkubwa alipiga meza na kusema sasa ukoo umepata bosi. Mimi niliinuka, nikaenda jikoni kuangalia mboga ambayo haikuwa hata motoni.

Mabula, mtambo ule umeuona siku moja tu, ukitembea nyuma ya mwenye mali. Na nilipokusikia ukisema vile, sauti niliyoisikia ilikuwa yangu. Ningekuambia kwa mdomo, lakini najua ungenitazama, na mimi ukinitazama nitapunguza maneno. Karatasi haina macho. Basi soma mpaka mwisho, hata pale utakapotaka kuacha.

Nataka kukueleza kwa nini Mama Minza aliondoka.

Ulikuwa na miaka kumi. Ulilia siku mbili, na ukakataa kula kwa sababu hakuna aliyejua kukupikia michembe ya viazi vitamu kama yeye. Tulikuambia amewafuata watoto wake Geita. Hilo lilikuwa kweli, lakini lilikuwa mkia tu wa habari. Habari yenyewe niliificha.

Mama Minza alikuwa mhudumu wa zahanati yetu ya Samuye miaka kumi na miwili kabla sijapelekwa pale kuwa mfawidhi, yaani mkuu wake. Wafawidhi watatu walikuja wakaondoka, yeye yupo. Alisoma mpaka darasa la nne. Kiswahili alikisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari. Alikuwa kibarua wa kijiji, analipwa kidogo kuliko mlinzi. Alipiga deki, alichemsha vifaa, alibeba maji, na nilipokuwa na wagonjwa wengi alikubeba wewe mgongoni akiendelea na kazi, huku akiimba zile nyimbo za kulimia za kwao. Nadhani mwili wako bado unazikumbuka.

Alikuwa amenizidi umri kama mama mdogo. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Mama Minza." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akachukua ndoo. Heshima yangu kwake iliishia hapo. Nilidhani shikamoo inatosha.

Sasa, nyuma ya mlango wa chumba cha kujifungulia kulikuwa na msumari. Msumari mkubwa wa mbao, umepinda kidogo. Hapo Mama Minza alikuwa akitundika ule mfuko wa mpira wa kumsaidia mtoto mchanga kupumua, ambao sisi wauguzi tunauita ambu, kwa kipande cha kanga ya njano. Ukifungua mlango kwa nguvu, mfuko unagonga ukuta. Ulikuwa unaniudhi. Kila mkaguzi alipokuja niliona haya kwa ajili ya kile kitambaa.

Mwaka ule nilipelekwa semina mjini, semina ya kuboresha kazi. Tulifundishwa maneno matano, yote yanaanza na herufi moja: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tulionyeshwa picha za stoo kabla na baada. Mwanangu, nilizipenda zile picha kama mtu anavyopenda nguo mpya. Mkufunzi alisema pia, na alilisema kwa muda mrefu, mchana wa siku ya pili, kwamba kazi hiyo haifanywi na mkuu peke yake. Wanaofanya kazi ndio wanaojua kazi, waulizwe wao kwanza. Nilimsikia. Lakini wakati anasema hayo mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuchora kabati.

Niliporudi sikungoja. Jumamosi na Jumapili nilijifungia zahanati peke yangu. Jumamosi asubuhi Mama Minza alipita, akanikuta nimetoa kila kitu nje, akasema, "Nikusaidie, Sista?" Nikamwambia aende akapumzike, Jumatatu atakuta mambo mazuri. Nilitaka washangae. Hilo ndilo neno nililokuwa nalo moyoni, washangae. Akasimama kidogo mlangoni, akaenda.

Niling'oa msumari. Tundu nikaliziba na kupaka rangi. Ambu nikaiweka ndani ya boksi jeupe la plastiki lenye mfuniko, nikalipanga kabatini, chumba cha pili, pamoja na maboksi mengine matano yanayofanana nalo. Kila boksi nililibandika lebo nzuri, iliyochapwa kwa kompyuta, kwa Kiingereza, kwa sababu picha za semina zilikuwa na lebo za Kiingereza.

Jumatatu niliitisha kikao. Tulikuwa watu watano. Nilieleza kila kitu, na nilieleza vizuri, kwa maana nilikuwa nimejifunza kueleza. Nikauliza, "Kuna mwenye swali?" Nikamwona Mama Minza anatazama nyuma ya mlango, pale palipokuwa na msumari. Nikajiambia anapendezwa na rangi. Nikamtaja kwa jina, "Mama Minza, umeelewa?" Akasema, "Ee, Sista." Wote wakasaini karatasi ya mahudhurio. Kikao kilikwisha kabla chai haijapoa, na mimi nikafurahi kwamba hakuna aliyepinga.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, na ni kosa ambalo mgeni angesamehewa, lakini si mimi. Mimi ni Msukuma, nimezaliwa Kishapu. Nilijua kabla sijajua kusoma kwamba kwetu mtu wa chini hamwambii mkubwa hapana mbele ya watu. Atasema ee, kisha atangoja umfuate baadaye, mkiwa wawili, umuulize tena. Mama yangu alimwitikia baba yangu ee maisha yake yote, na nyingi kati ya hizo hazikuwa ndiyo. Baba alilijua hilo. Ndiyo maana jioni alikuwa akienda kukaa karibu na jiko na kuuliza upya. Mimi sikwenda jikoni. Nilikuwa na sare nyeupe na cheti cha semina, nikajifanya siijui lugha niliyonyonya.

Niliweka na sanduku la maoni, lenye kufuli. Nilitegemea mtu anayesoma kwa kufuata kidole aniandikie barua. Nililifungua mara moja tu. Nilikuta karatasi ya pipi.

Alhamisi ile nilikwenda wilayani kuonyesha picha zangu, kabla na baada. Walipiga makofi. Muuguzi mwenzangu alikuwa likizo, kwa hiyo zahanati nilimwachia Mama Minza, kama nilivyokuwa nikifanya mara nyingi ingawa haikuruhusiwa. Saa sita mchana akaletwa Mbuke, mke wa yule fundi baiskeli, amekaa nyuma ya baiskeli ya mumewe na mtoto yuko karibu kutoka. Alijifungua baada ya muda mfupi sana. Mtoto wa kike. Hakulia, hakupumua, alikuwa amelegea kama kitambaa.

Mama Minza alikuwa amewaona watoto wa namna hiyo wengi kuliko mimi. Alijua la kufanya. Mkono mmoja ukiwa kwa mtoto, akaunyoosha mwingine nyuma ya mlango, bila kutazama, kama alivyofanya kwa miaka yote.

Ukuta ulikuwa mtupu.

Alikimbilia chumba cha pili. Alikuta maboksi sita meupe yanayofanana, yenye maandishi asiyoyajua. Alifungua la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Ambu ilikuwa katika la tano. Mtoto mchanga asiyepumua, mwanangu, hana muda wa maboksi matano.

Alipumua mwishowe. Wakamwita Limi, yaani jua kwa Kisukuma, kwa kuwa alizaliwa jua likiwa juu. Unamjua Limi. Ni yule msichana niliyekuwa nikikutuma umpelekee uji wa lishe, asiyetembea, asiyesema, ambaye akisikia kengele ya baiskeli anacheka mpaka anatokwa machozi. Uliwahi kuniuliza kwa nini tunampelekea yeye tu wakati kijiji kina watoto wengi. Nikakujibu kwamba mtu husaidia pale anapoweza. Leo ndiyo unapata jibu.

Nilirudi alasiri nikiwa na cheti cha pili na pakiti ya biskuti kwa ajili ya wenzangu. Nilimkuta Mama Minza anapiga deki. Hakuinua uso. Alisema, "Sista, mkono wangu ulikwenda mlangoni."

Hata leo, nikinawa mikono, huwa naisikia sentensi hiyo.

Ikaja kamati kutoka juu kuuliza kilichotokea. Kosa la pili ni hili, na hili sikulifanya kwa kutojua. Waliniuliza kama watumishi walikuwa wamefahamishwa mpangilio mpya. Nikatoa karatasi ya mahudhurio. Nikawaonyesha saini ya Mama Minza, zile herufi zake kubwa zilizolala upande. Nikasema, "Alikuwepo, na nilimuuliza kama ameelewa." Kila neno lilikuwa kweli. Wakamgeukia yeye, wakamuuliza kama ana la kujitetea. Alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mikono mapajani. Akasema, "Sina, baba. Sista ndiye mkubwa wetu."

Alikuwa ananingoja. Sasa nimeelewa kwamba hata pale, mbele ya watu wale, alikuwa anangoja mimi niseme. Nilikunja karatasi yangu, nikairudisha ndani ya faili.

Kibarua chake kilikwisha wiki ileile. Siku ya kuondoka alikuja nyumbani kuaga, wewe ukiwa shuleni. Nilimpa doti mbili za kanga na hakuzikataa, maana kukataa kungekuwa kunisema. Alipofika uani akageuka, akaniambia, "Mabula akiwa na kikohozi usimpe maziwa mgando, yanamzidishia." Akaenda na mzigo wake kichwani.

Kamati ilipokwisha kuondoka nilichukua nyundo, nikapigilia msumari uleule katika tundu lilelile, nikatundika ambu. Mhudumu mpya akauliza msumari ule ni wa nini. Nikamweleza. Akasema ni wazo zuri, ni la nani? Nikasema ni langu.

Unaweza kuacha kusoma hapa ukazunguka nyumba kidogo. Mimi niliposoma tena nilichoandika nilifanya hivyo.

Mwaka uliofuata walinihamishia Kishapu, kituo kikubwa zaidi, watumishi zaidi ya ishirini, nyumba yetu ikibaki Samuye. Nilikwenda nimeazimia kuuliza watu. Lakini kuuliza nako si kazi ya siku moja. Nilizunguka na daftari, "Kinachokusumbua kazini ni nini?" Wakanijibu hakuna, Sista, tunamshukuru Mungu. Kulikuwa na mfanya usafi mmoja, Kashinje, mwanamke mwenye ulimi mkali, aliyeniambia huku anakamua tambara, "Sista, hapa anayeuliza sana huwa anatafuta wa kumhamisha." Wenzake wakacheka. Nikakasirika, nikaingia ofisini. Baadaye nikajiuliza, kwani alisema uongo gani?

Na katikati ya kuulizauliza kwangu nikafanya tena kosa lilelile. Kulikuwa na mabenchi ya kliniki nje, chini ya miarobaini, yamewekwa kwa mstari mmoja. Tulijengewa chumba kipya cha kungojea, cha bati, kizuri. Nikayahamishia mabenchi ndani, nikayapanga yaangaliane ili watu wengi waenee. Sikumuuliza mtu, maana nani angekataa kivuli cha bati? Wiki mbili nzima chumba kilikaa kitupu na watu wakasimama nje chini ya miti. Mahudhurio yakashuka. Nikaanza kusema, watu wa hapa wamezoea vibaya. Ndiyo, Mabula, maneno hayohayo.

Siku moja nilikuwa nimekaa na mlinzi wetu, Mzee Luhende, tunabangua karanga zake getini. Sikuwa na daftari. Nikasema tu, kama mtu anayelalamika, kwamba chumba kizuri kinakataliwa. Akacheka mpaka karanga zikamwagika.

"Sista, pale ndani umewakalisha watu uso kwa uso na wakwe zao," akasema. "Siku hizi mnatutaka tuwasindikize wake zetu kliniki. Sawa. Naingia, mbele yangu amekaa mama mkwe amembeba mjukuu. Nitaweka wapi macho? Juzi mimi mwenyewe nilijifanya nafunga kamba za viatu."

Nikamtazama miguuni. Alikuwa amevaa ndala.

"Na juzi nilivaa hizihizi," akasema.

Nilicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu niondoke zahanati ya Samuye. Kisha nikaona aibu. Mama yangu mzazi alikuwa akipita nyuma ya nyumba ili asikutane na baba yako. Nililijua jambo hilo maisha yangu yote, na bado alihitajika mlinzi wa geti anikumbushe, kwa sababu ninapopanga mabenchi huwa naona mabenchi tu.

Kesho yake niliyabeba mabenchi mwenyewe, moja baada ya jingine, kuyarudisha nje, watumishi wote wakitazama. Nikawaambia nimekosea, sikuuliza, na aliyenifundisha ni Mzee Luhende. Sikuwa nimepanga hotuba. Lakini mchana wa siku hiyo Kashinje alikuja ofisini bila kuitwa, akaegemea mlango, akasema, "Na ile ndoo ya taka za sindano, Sista? Au hiyo hutaki kusikia?" Ndoo ile ilikuwa imewekwa mahali ambapo kila aliyepita na beseni aliigonga. Ilikuwa imemchoma mara mbili. Hakuwa amemwambia mtu. Tukaihamisha pale alipoonyesha yeye, tukakubaliana kuijaribu kwa wiki moja, na isipofaa tutairudisha. Ikafaa. Wiki iliyofuata akaja mwingine na lake.

Hivyo ndivyo kituo kile kilivyobadilika, kwa vitu vidogo, vingine hata huwezi kuvipiga picha. Walianza kusema siku niliporudisha mabenchi, wala si siku nilipowauliza. Sijui kama hilo limo katika vitabu vyenu vya chuo. Mimi nililiona kwa macho. Mtu wa chini anataka kwanza kuona kama mkubwa anaweza kurudisha kitu mahali pake.

Baadaye walinipa cheti kwa ajili ya Kishapu. Kiko ndani ya sanduku la bati, chini ya mashuka. Sikukitundika, na usidhani ni unyenyekevu. Sikuwa na uso wa kupigilia msumari ukutani kwa ajili ya jina langu.

Sasa mtambo wako. Sijui kuchenjua dhahabu, na sitajifanya najua. Lakini najua kwamba kuna mzee pale anayewasha karasha, na anajua kwa sauti tu kwamba beringi inakwisha, siku tatu kabla haijakatika. Kama hakuna aliyemuuliza, ataiacha ikatike. Na wale akina mama uliowapiga msalaba mwekundu wanachekecha wakiwa wamekaa pale walipokaa kwa sababu fulani. Labda ni upepo, vumbi lisiwarudie usoni. Labda ni mahali wanapoweza kuwaona watoto wao. Labda ni mazoea mabaya kweli, kama ulivyosema. Lakini hujui. Mwenye mali naye hajui, kwa maana yeye hupita kwa miguu na kuondoka kwa gari.

Ningekuwa wewe, ningekwenda na daftari jipya, jeupe. Ningekaa siku kadhaa nikichekecha nao, vumbi likiniingia, mikono ikiwa na kazi, maana watu wetu husema ukweli mikono ikiwa na kazi. Ningeanza na linalowaumiza wao kabla ya linalomuuma bosi. Atakuuliza mbona mwezi umekwisha na hujanyoosha mtu. Hapo ndipo itakapokuwa ngumu kwako, na sina la kukufundisha, kwa sababu mimi mbele ya wakubwa nilikunja karatasi.

Na wakikuitikia ee, mwanangu, nenda jikoni ukaulize tena.

Limebaki jambo moja. Mwezi uliopita nilikwenda kwa Mbuke. Kila nikienda hunishukuru, "Wabeja, Sista," na mara nyingine ananifungia kuku. Miaka kumi na minne nimekula kuku wale. Safari hii tulikuwa tunamwogesha Limi. Siku hizi ni mzito, wawili hatumwezi vizuri. Nikiwa nimemshika mabega nilimwambia Mbuke yote, msumari, maboksi, karatasi ya mahudhurio. Aliendelea kummwagia mtoto maji, taratibu, akimkinga macho kwa kiganja. Alipomaliza akasema, "Nilijua. Mama Minza aliniambia siku ileile. Alinionyesha mpaka tundu ulilolipaka rangi."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akinipa kuku.

"Nilikuwa nangoja useme," akasema. Kisha akasema, "Lakini mimi si wa kwanza unayepaswa kumwambia."

Minza, yule binti yake, ndiye aliyenielekeza, nilimkuta gulioni. Mama yake yuko Kalangalala, hukohuko Geita, nyuma ya soko, anauza matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa. Kabla ya hapo alichekecha mawe miaka tisa katika mitambo ya huko, mpaka kifua kikamkatalia. Miaka tisa, Mabula, katika kibanda kama kile cha mchoro wako.

Kwa hiyo kesho usishangae utakaponikuta nimevaa viatu. Nimekata tiketi mbili. Sikutaka uniulize kabla hujayasoma haya. Siendi kumwombea kwako kazi, wala siendi ili anisamehe. Akinifungia mlango nitajua anafungia nini. Nakwenda kusema mbele yake, na mbele yako kama utakubali kusimama nami, kwamba msumari ulikuwa wake na kosa lilikuwa langu. Kisha nitaandika maneno hayohayo kwa wale waliokuwa kamatini, kama bado wapo wanaokumbuka.

Viti vyetu ni vya pamoja, cha dirishani ni chako. Ukishaisoma barua hii ukaona ni afadhali usikae na mimi, usiseme kitu, nenda tu ukakae mbele. Nitakaa peke yangu mpaka Geita na sitakulaumu. Lakini ukikaa, nina jambo la kukuomba. Ukifika, kabla hujafungua daftari lako mbele ya mtu yeyote, uende kwa Mama Minza, umwamkie, umuulize kazi ya kuchekecha ilivyo. Baada ya marahaba, usiondoke.

Nakusikia unafungua geti. Chakula chako nimekifunika, najua umekwisha kula.

Mama yako.